Uwongo wa Ngano na Haki ya Wafu

Msimulizi wa ngano katika lugha yetu hamdanganyi msikilizaji wake. Kabla hajaanza huita, na wasikilizaji humwitikia kwamba uwongo uje na utamu ukolee. Kwa maneno hayo machache mapatano yamekwisha fungwa: mmoja amepata ruhusa ya kusema yasiyokuwa, na wengine wamekubali kuyapokea kwa jina lake. Uwongo ulioitwa uwongo mlangoni haumwibii mtu kitu. Lakini mapatano haya ni ya walio hai peke yao. Mtu akitwaa mauti ya watu waliouawa kweli akayatia katika ngano, ni nani aliyempa ruhusa, na utamu huo wakolea kwa gharama ya nani?

Swali hili lina uzito, kwa kuwa vitabu vya namna hiyo vipo na vijana huvisoma. Mwaka 1992 mwandishi wa Marekani, Jane Yolen, alitoa riwaya iitwayo Briar Rose. Ndani yake ajuza mmoja, Gemma, huwasimulia wajukuu wake ngano ya binti mfalme aliyelala miaka mia nyuma ya miiba mpaka akaamshwa kwa busu, ngano ambayo ndugu Grimm waliichapisha Ujerumani mwaka 1812. Walakini masimulizi ya Gemma yana kombo. Mchawi wake amevaa mabuti meusi, na kofia yake ina tai wa fedha; ukungu waifunika ngome; na busu litolewapo, binti mfalme huamka peke yake. Wengine wote hulala moja kwa moja. Gemma anapokufa, mjukuu wake Becca aitafuta ngome hiyo, akafika Poland, katika kijiji cha Chełmno.

Ngome hiyo ilikuwapo kweli. Kuanzia tarehe 8 Desemba 1941 Wanazi waliwaleta Wayahudi kutoka mji wa Łódź na miji ya jirani katika jumba kubwa la kijiji hicho. Waliambiwa kwamba watapelekwa kazini, na kwamba yawapasa kuoga kwanza. Walipokwisha kuvua nguo waliingizwa katika magari yaliyofungwa pande zote, na moshi wa sumu wa injini ukaelekezwa ndani yake. Maiti zao zilipelekwa msituni. Waliouawa hawapungui 150,000. Katika riwaya, wapiganaji wa msituni wamtoa Gemma katika shimo la maiti, na kijana mmoja ampulizia pumzi kinywani. Hilo ndilo busu la ngano. Lakini mwishoni mwa kitabu Yolen aeleza waziwazi kwamba hajui mwanamke yeyote aliyetoka Chełmno hali yu hai.

Wako watakaosema kwamba ngano haifai kabisa kwa habari hii, na hoja yao si dhaifu. Ngano husema hapo kale. Mauaji haya yana siku na mwezi. Muuaji wa ngano ni zimwi, na zimwi halihitaji dereva, wala karani, wala fundi wa kuunga bomba la moshi. Chełmno ilihitaji wote hao. Kijana akifundishwa kwamba uovu ni kazi ya mazimwi, amefundishwa kuwafungua wanadamu katika hesabu yao. Tena ngano yenyewe haina mikono safi: mkusanyo ule ule wa ndugu Grimm una hadithi ya Myahudi achezeshwaye ndani ya miiba, na mwisho anyongwa.

Nakubali hayo yote, lakini sikubali hukumu yake. Gemma amepoteza kumbukumbu yake yote isipokuwa ngano. Mtu asiye na chombo kingine cha kuchukulia msiba wake halaumiwi kwa chombo alichobaki nacho. Msomaji naye hawezi kulia kwa hesabu ya 150,000. Aweza kulia kwa pumzi moja.

Hata hivyo, machozi peke yake si ushahidi wa haki. Mwaka 2006 John Boyne wa Ireland alitoa The Boy in the Striped Pyjamas, na mwenyewe akakiita kitabu chake hekaya. Mtoto wa mkuu wa kambi afanya urafiki na mtoto wa Kiyahudi kupitia uzio, na mwisho wafa pamoja. Wasomaji wengi walikilia. Lakini Januari 2020 Jumba la Makumbusho la Auschwitz lilisema kwamba kitabu hicho kiepukwe na kila asomaye au afundishaye historia ya maangamizi hayo. Boyne pia alikuwa ameuita uwongo mlangoni; mbona haikutosha?

Haikutosha kwa sababu ungamo la jumla halilipi deni mahsusi. Kusema tu kwamba hii ni hekaya ni kumwacha msomaji asijue kweli imeachwa wapi. Yolen aonyesha mahali penyewe: hapa, kwa mwanamke huyu anayetoka hai, ndipo nilipoacha yaliyokuwa. Tena katika kitabu cha Boyne chozi zito humwangukia mwana wa mkuu wa kambi, na watoto waliouawa kwa maelfu hubaki nyuma yake kama kivuli. Katika ngano ya Gemma waliolala hawasahauliwi: kila mara isimuliwapo, yasemwa kwamba hawakuamka.

Basi mimi naona kwamba mtunzi aweza kutia mauti ya kweli katika ngano kwa masharti mawili: autaje uwongo wake mahali ulipo, wala asiwaamshe wafu ili msomaji alale vema. Kijana akifunga kitabu na kumfurahia Gemma aliyeokoka, na aulize mara moja habari za wanawake wa Chełmno ambao hawakuokoka. Asipouliza, ngano imemdanganya, hata kama kila mtu alikwisha itikia.