Usukani Ukiwa Mzito



Vijana wenzangu, leo naomba niwapeleke kwetu kusini, kwenye barabara inayotoka Mbinga mjini kushuka Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Hazifiki kilomita 70, na siku hizi ni lami, ila kona na miteremko yake si ya kuchezea. Likizo iliyopita, mwezi wa Julai, nilipanda lori lililobeba saruji na mabati ya kigango kimoja huko ziwani. Tulikuwa watatu: dereva, utingo wake na mimi.

Kwenye begi langu kulikuwa na barua. Nilikuwa nimeiandika usiku ule, nikimweleza mlezi wangu kwamba naacha seminari. Sababu ilikuwa moja tu: sijisikii tena. Miezi mingi sala ilikuwa kama kutafuna karatasi. Nilijiambia kwamba kuendelea hivyo ni unafiki.

Tukiwa kwenye mteremko, nikamwona dereva ameinuka kidogo kwenye kiti, mikono yote miwili imeng'ang'ania usukani, mishipa ya shingo imemtoka.

"Pawa stelingi imekufa, Frateri," akasema.

Mimi nilidhani ndiyo basi tena, tunakwenda korongoni. Lakini lori lilikuwa linakata kona. Polepole, kwa shida, lakini linakata.

Baadaye alinieleza. Kuna pampu inayozungushwa na injini. Inasukuma mafuta kwa nguvu, na mafuta hayo ndiyo yanamsaidia dereva kugeuza magurudumu. Pampu ikikosa mafuta, msaada unakatika, ila usukani bado umeungana na magurudumu kwa vyuma. Uzito wote unarudi mikononi mwako. Kilichokufa ni wepesi.

Hapo ndipo falsafa yangu ya darasani iliponirudia. Mwaka 1785 Kant aliandika kuhusu mtu aliyezama katika huzuni yake mwenyewe, asiye na hamu hata kidogo ya kumsaidia mtu, lakini anasaidia kwa sababu ni wajibu. Kwa Kant, hapo ndipo thamani ya tendo inapoonekana wazi. Aristotle, karne nyingi kabla yake, alikuwa na mtazamo mwingine: mtu mwema kweli hufurahia kutenda mema, na anayetenda huku ananung'unika moyoni bado hajafika. Sasa nani yuko sahihi? Wema wa shida ni bora kuliko wema wa wepesi?

Nadhani lori linatusaidia. Hakuna dereva mwenye akili anayeng'oa pampu ili aonekane shujaa. Wepesi ni mzuri, ni zawadi, na Mungu anapotupa furaha katika sala tuipokee kwa shukrani. Mtakatifu Thomas wa Akwino naye anafundisha kwamba ugumu peke yake haumpi mtu stahili. Upendo ndio unaompa. Lakini wepesi ukiondoka, haimaanishi kwamba upendo umeondoka nao. Barua za Mtakatifu Teresa wa Kolkata zilipochapishwa mwaka 2007, wengi walishtuka kusoma kwamba aliishi miaka mingi katika giza la ndani, haoni faraja yoyote. Na bado kila siku aliamka akaenda kwa maskini. Na Bwana wetu kule Gethsemane, mnadhani alijisikia?

Kwa hiyo "sijisikii" ni habari kuhusu pampu. Haisemi lolote kuhusu nani ameshika usukani.

Ngoja, kuna jambo la pili. Niligundua kwamba lori likitembea kidogo usukani unakuwa nafuu, likikaribia kusimama unakuwa kama jiwe. Nikajifanya mjuzi: "Mzee, ukiongeza mwendo si utakuwa mwepesi?"

Akanijibu bila kunitazama: "Usukani mzito hauui, Frateri. Mwendo ndio unaua."

Akabaki na gia nzito. Utingo akaruka chini, akatangulia kwa miguu akiashiria magari, mpaka tukapata sehemu tambarare nje ya kona. Tukaweka mawe kwenye magurudumu na matawi barabarani, tukampigia fundi Mbinga.

Lile neno lilinichoma. Barua yangu ilikuwa nini kama si mwendo? Nilikuwa natafuta wepesi kwa kukimbia. Wengi wetu tuko hivyo. Sala ikikauka tunahama kikundi, uchumba ukiwa mgumu tunaanza mwingine, kwaya ikituudhi tunaacha. Kwa muda kidogo kila kitu kinakuwa chepesi, halafu kona inakuja. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alishauri kwamba wakati wa ukiwa wa roho usibadilishe uamuzi ulioufanya ukiwa na amani. Na Wamatengo wa milima ile wanalijua hilo kwa jembe: shamba la mteremkoni wanalichimba mashimo ya ngoro, maji ya mvua yatulie, yasikimbie na udongo.

La tatu ni dogo lakini ndilo lililoniumiza zaidi. Fundi alipofika alikuta mpira wa mafuta umesagika na kutoboka. Utingo akakiri kwamba kule Mbinga aliona matone chini ya lori, akanyamaza kwa sababu tulikuwa na haraka. Nikanyamaza na mimi, maana matone yangu nayajua: Rozari niliyoiacha kwa ajili ya simu, na kitubio nilichokuwa nakisogeza mbele wiki hadi wiki. Si kila ukavu ni jaribu la watakatifu. Mwingine ni uvujaji tu.

Barua nilimpelekea baba wa kiroho, akaisoma mbele yangu. Hakuniambia nibaki wala niondoke. Aliniuliza nimeungama lini.

Bado niko seminarini, na asubuhi nyingine usukani bado ni mzito. Siku moja huenda nitaondoka, lakini nikiondoka nitakuwa nimesimama tambarare, si mteremkoni.

Na wewe, unachotaka kukiacha wiki hii, ni kwa sababu umekosa njia, au kwa sababu mikono imechoka? Punguza mwendo, angalia chini kama kuna matone, mtafute fundi.

Tuombeane.