Maji Yanayopungua na Swali la Sababu

Gari kuukuu linapochemsha, mshale ukapanda hadi alama nyekundu, kinachoonekana ni dalili, sababu haionekani. Rejeta iliyojazwa asubuhi hukutwa imepungua jioni, na chini ya gari pakavu. Huenda mfuniko umechoka, haushiki presha, maji yakatoka kama mvuke. Huenda wota pampu inavuja injini ikizunguka tu, na matone yakikaukia kwenye bloku ya moto huacha doa jeupe. Gasketi ya silinda hedi ikiungua, maji huingia mahali pa mwako: moshi mweupe, mapovu ndani ya rejeta, pengine oili yenye rangi ya chai ya maziwa.

Swali hili la sababu ni la zamani: mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alihoji kama pamba huunguzwa na moto au huungua tu inapokutana nao. Jicho huona mfuatano, halioni ulazima. Mwanafalsafa Ibn Rushd alimjibu baadaye kwamba anayekana sababu anakana akili yenyewe. Gereji humpa Al-Ghazali hoja ambayo pengine hakuitarajia: fundi anayebadilisha thamostati, mfuniko na feni kwa mpigo mmoja, gari likapona, hajui kilicholiponya. Mwingine hufunga kipimo cha presha rejeta ikiwa baridi, akaipampu, akasubiri huku akimulika tochi kila kiungo cha mpira. Sindano ikishuka, pana uvujaji. Isiposhuka, bado hajathibitisha kitu, kwa kuwa ufa mwembamba wa hedi mara nyingine hufunguka injini ikishapata moto tu.