Mwenyeji ni Nani?

Katika nchi ya Marekani vyuo vikuu vya majimbo husaidiwa kwa kodi za wenyeji. Kwa hiyo mwana wa jimbo hutozwa ada ndogo, na atokaye jimbo jingine hutozwa kubwa, pengine mara mbili au tatu. Wala hatuoni dhuluma hapo, maana aliyelima ndiye avunaye.

Lakini mwenyeji ni nani? California, kwa kawaida, hutaka mtu akae zaidi ya mwaka, tena aonyeshe nia ya kudumu: kwa leseni ya gari, kwa kodi, kwa jina katika daftari la wapiga kura. Hayo ni mambo ya mikono, nayo nia i moyoni. Sisi nasi humpa mgeni jembe siku ya tatu, ila jembe halisemi kama atakaa.

Connecticut ilikata mashauri upesi: aliyeomba nafasi akiwa mgeni alihesabiwa mgeni hata mwisho wa masomo. Mmoja wa walioshtaki alikuwa ameolewa na mwenyeji, naye akikaa huko. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Vlandis na Kline, iliitangua sheria hiyo. Haikusema kila ajaye aaminiwe, bali asinyimwe nafasi ya kuthibitisha neno lake.

Na yule ajiandikishaye mwenyeji huku sanduku lake li tayari kwa safari? Karatasi zake zaweza kuwa kamili kuliko za mkweli, na karani hana la kumfanya.