Je, ni halali kumpigia mgonjwa kura ya dawa?

Wapendwa wakatekumeni,

Juma lile tulipojifunza mateso ya Bwana wetu Yezu Kristu, tulifika mahali pale askari walipogawana mavazi yake chini ya msalaba, wakaipigia kura kanzu yake. Mafundisho yalipokwisha, wengine wakaenda zao, lakini mama mmoja alibaki ameketi. Akaniuliza: «Mwalimu, mwanangu naye alipigiwa kura. Je, waliompigia walikuwa kama askari wale?»

Mama huyo alikuwa na kijana wa miaka 19. Mwezi wa Mei, mwaka 2019, kijana alishikwa na Ebola, akapelekwa katika kituo cha kuwatunza wagonjwa, huku kwetu Kivu ya Kaskazini. Wauguzi wakamweleza kwamba ziko dawa nne, kwamba haijajulikana bado ipi inazishinda nyingine, na kwamba atakayekubali atapewa moja kwa kura. Kijana akasikiliza, akauliza maneno mawili matatu, akatia sahihi yake. Mama alikuwa amesimama nje ya uzio. Kura ikaangukia dawa iitwayo ZMapp. Siku ya nne kijana akafa. Miezi mitatu baadaye ikatangazwa kwamba dawa mbili zimewashinda wenzake, na ZMapp haikuwa mojawapo.

Sikumjibu mama siku ile. Nilimwomba anivumilie, nikaenda kusoma na kuuliza. Leo nawaandikieni nyote niliyoyapata, kwa maana swali lake si lake peke yake. Je, ni halali kumjaribia mtu dawa ambayo nguvu yake haijajulikana? Na kama ni halali, mpaka wake uko wapi?

Dawa hupita njia gani

Yafaa kwanza tujue dawa hutoka wapi. Chukueni mfano wa moja ya zile nne, iitwayo mAb114. Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit, upande wa magharibi wa nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule. Watu zaidi ya 300 waliugua, na katika kila 10 walikufa 8. Waliopona walibaki na kingamwili katika damu yao, ndio walinzi ambao mwili huwafanya wenyewe ili upigane na maradhi. Miaka 11 baadaye, mmoja wa hao waliopona alitoa damu yake ichunguzwe. Katika laboratwari, wenye elimu wakawatafuta walinzi hao mmoja mmoja, wakamtenga mwenye nguvu, wakamzidisha. Wakamjaribu kwanza kwa kima walioambukizwa Ebola, na kima wakapona. Kisha, mwaka 2018, huko Marekani, dawa hiyo wakapewa watu wachache wenye afya waliojitolea, ili ionekane kama inadhuru. Ndipo ikabaki hatua ya mwisho, iliyo nzito kupita zote: kuwapa wagonjwa.

Jaribio hilo lilianza Beni tarehe 20 Novemba 2018, kisha likafika Butembo, Katwa na Mangina. Jina lake lilikuwa la lugha yetu: «Pamoja Tulinde Maisha». Mmoja wa wakubwa wake alikuwa Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani, aliyeifahamu Ebola tangu ilipoonekana mara ya kwanza huko Yambuku, mwaka 1976. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepewa maji matupu badala ya dawa. Kila mmoja alipata moja ya dawa nne, pamoja na matunzo yale yale.

Mtauliza: Lakini kwa nini kura? Kwa nini daktari asichague mwenyewe? Ninyi wakulima mtaelewa upesi. Mtu akipanda mbegu moja bondeni penye udongo mweusi, na mbegu ya pili mlimani penye mawe, siku ya mavuno atajuaje kama ni mbegu iliyozaa au ni udongo? Vivyo hivyo kwa wagonjwa. Mmoja amekuja siku ya pili, mwingine siku ya nane. Mmoja ni kijana, mwingine ni mzee. Daktari akichagua mwenyewe, huenda akawapa wenye nguvu dawa anayoipenda, bila kujijua, na dawa ikapewa sifa iliyo ya mwili. Kura huwachanganya wenye nguvu na wanyonge katika kila upande, na hivyo tofauti itakayoonekana ni ya dawa yenyewe.

Kura mbili katika Maandiko

Sasa turudi kwa swali la mama. Katika Maandiko Matakatifu tunasoma habari za kura ya askari, lakini tunasoma pia kura nyingine. Yuda alipokwisha kupotea, Mitume walitaka kumweka mtu mahali pake. Walikuwako wawili, Yusufu aitwaye Barsaba na Mathia, wote wawili wamefuatana na Bwana tangu mwanzo, wote wawili wanastahili. Mitume hawakujua yupi ni bora. Wakasali, wakapiga kura mbele ya wote, ikamwangukia Mathia.

Tazameni tofauti yake. Askari waligawana kitu walichomnyang'anya mtu. Hawakumwuliza, wala yeye hakupata faida yoyote. Faida ilikuwa yao wenyewe. Mitume hawakumnyang'anya mtu kitu. Walipiga kura kwa sababu hawakujua, na walitafuta mema ya wote, hata ya yule ambaye kura haikumwangukia.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kila kura ni dhambi, wala kwamba kila kura ni safi. Yatupasa kuuliza mambo matatu. La kwanza: Je, hawakujua kweli, au walijua wakaficha? La pili: Je, mgonjwa alikubali kwa hiari, akiwa ameelezwa? La tatu: Je, walimtafutia yeye mwenyewe uzima, au walimtumia tu kama chombo?

Walipojua wakaficha

Msidhani ya kwamba kura ya askari ilikoma Kalvario. Huko Marekani, katika mji wa Tuskegee, tangu mwaka 1932 madaktari wa serikali waliwafuata wanaume weusi wapata 400 wenye kaswende. Hawakuwaambia ugonjwa wao. Waliwaambia tu kwamba wana damu mbaya. Baadaye ikajulikana kwamba penisilini huponya kaswende. Wale madaktari walijua. Lakini hawakuwapa dawa, kwa sababu walitaka kuona ugonjwa utafika wapi mpaka kifo. Jambo hilo lilidumu miaka 40, hata magazeti yakalifunua mwaka 1972. Hapo hapakuwa na kutojua. Palikuwa na kuficha.

Tena wanyonge zaidi ni wale ambao akili yao ni dhaifu. Katika jimbo la New York ilikuwako nyumba ya watoto wenye ulemavu wa akili, iitwayo Willowbrook. Kuanzia mwaka 1956 baadhi ya watoto hao waliambukizwa kwa kusudi ugonjwa wa ini, ili madaktari wauchunguze. Wazazi walitia sahihi, ni kweli. Lakini nyumba ilikuwa imejaa, na baadhi ya wazazi waliona kwamba mlango uliobaki wazi kwa mtoto wao ni ule wa chumba cha jaribio tu. Je, mtu aliyesukumwa na shida namna hiyo amekubali kwa hiari? Sahihi iko katika karatasi, bali uhuru haumo.

Na hapo walikuwa wamekwisha kuonywa. Mwaka 1947, huko Nuremberg katika Ujerumani, mahakama iliwahukumu madaktari waliowatesa wafungwa kwa majaribio wakati wa vita, ikaandika kanuni kumi. Ya kwanza ndiyo hii: ni lazima kabisa mtu akubali mwenyewe kwa hiari.

Mafundisho ya Papa Pio XII

Tarehe 14 Septemba 1952, Papa Pio XII alisema na madaktari wachunguzi wa ubongo na mishipa ya fahamu, akawaonyesha mipaka ya kazi yao. Nayaeleza kwa maneno yangu.

Kwanza, elimu ni njema, lakini haiko juu ya vyote. Kutaka kujua hakumpi mtu ruhusa ya kumdhulumu mwenziwe. Pili, daktari hana haki juu ya mgonjwa ila ile aliyopewa na mgonjwa. Na mgonjwa naye si bwana kamili wa mwili wake na akili yake, kwa maana amepewa na Mungu avitunze. Basi hata akisema «ndiyo», hawezi kutoa ruhusa ya kuharibiwa. Tatu, watu wote pamoja hawawezi kumtoa mmoja kwa ajili yao kama mtu anavyokata kidole ili kuuponya mkono. Kidole ni cha mkono, hakina uhai wake peke yake. Bali mtu si kidole cha kijiji. Ana roho yake, na Mungu anamjua.

Lakini Papa huyo hakukataza kila jaribio. Alifundisha kwamba dawa zilizojulikana zikishindwa, na dawa mpya ikiwa na hatari pamoja na matumaini ya kweli, mgonjwa akikubali, ni halali kuitumia.

Jibu kwa mama

Basi, nilimrudia mama nikamwambia hivi: «Mama yangu, kura ya mwanao haikuwa ya askari. Kwanza, hawakujua. Tena ZMapp ndiyo dawa ambayo wengi waliitumaini, kwa sababu ilikuwa imejaribiwa kidogo katika Afrika ya Magharibi, katika ile Ebola kubwa ya miaka 2014 mpaka 2016, ikaonyesha dalili njema. Kama daktari angemchagulia mwanao kwa upendo wake wote, huenda angemchagulia hiyo hiyo. Pili, mwanao alielezwa, akauliza, akakubali. Tatu, alipewa kwa ajili ya uzima wake.»

Nikamwambia pia yaliyofuata. Tarehe 9 Agosti 2019, wagonjwa 681 walipokuwa wamekwisha kuingia, wasimamizi waliotazama hesabu waliona tofauti. Katika wagonjwa 100 waliopewa ZMapp, walikufa kama 50. Waliopewa remdesivir, 53. Waliopewa mAb114, 35. Waliopewa REGN-EB3, kama 34. Mara ile ile zile dawa mbili dhaifu zikaachwa, na tangu hapo wagonjwa walipewa zile mbili bora tu. Hiyo ndiyo alama ya kura ya haki: ujuzi ulipofika, kura ya nne ikakoma. Huko Tuskegee ujuzi ulifika, wakaendelea miaka mingi.

Jambo moja sikumwambia mama: sikumwambia kwamba mwanawe alikuwa sadaka. Ndugu zangu, tujihadhari na maneno hayo yanayotoka upesi kinywani. Kijana hakwenda pale kufa kwa ajili ya wengine. Alikwenda kwa kuwa alitaka kuishi, na ilikuwa haki yake kutaka. Ni kweli kwamba kwa hesabu ambayo yeye alihesabiwa ndani yake, wengi waliokuja baadaye wamepona. Lakini faida yao hailipi deni la machozi ya mama. Mambo hayo mawili ni ya kweli pamoja, wala moja halifuti jingine.

Mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema: «Mwalimu, basi waandike jina lake katika Misa ya marehemu.» Tumeliandika.

Yatupasayo sisi

Mwezi wa Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kutiwa moto. Watu waliogopa kwamba madaktari wamekuja kuwatumia kama vyombo. Msicheke hofu hiyo, kwa maana mmesikia ya Tuskegee. Lakini hofu haitibiwi kwa moto, hutibiwa kwa swali. Mtu akija kwako na karatasi, usimkimbie, wala usitie sahihi kwa haya. Mwulize: Dawa hii imepita njia gani? Nikikataa, nitatunzwa bado? Mkijua jambo, mtaniambia? Mwenye nia njema hatachukia maswali hayo. Tena msichelewe kufika: katika zile dawa mbili bora, waliokuja virusi vikiwa bado vichache katika damu, katika 100 walikufa 10 au 11 tu.

Maswali ya kukumbuka

Je, kumjaribia mtu dawa ni dhambi daima?
Hapana. Ni halali ikiwa nguvu yake haijajulikana kweli, mgonjwa amekubali kwa hiari, na anatafutiwa uzima wake.

Ni lini inakuwa dhambi?
Anapodanganywa, anaposhurutishwa, au dawa njema inapojulikana naye akanyimwa.

Na asiyeweza kujisemea, kama mtoto au mwenye ugonjwa wa akili?
Wampendao humsemea. Lakini hawawezi kutoa ruhusa ya kumdhuru, kwa kuwa yeye ni wa Mungu kabla ya kuwa wao.

Juma hili, kila mmoja wenu amwombee marehemu mmoja wa ule ugonjwa, na awaombee wanaotafuta dawa, ili wasisahau kamwe kwamba damu wanayoipima ni ya mtu.

Mwalimu wenu