Biashara Haigombi, Majina Yake Hugombana

Wahenga walituachia kauli kwamba biashara haigombi. Kwa mfasiri, majina ya biashara hugombana, tena ugomvi wao una majeruhi.

Mwaka 1983 Tanzania ilitunga sheria dhidi ya uhujumu uchumi. Walioitwa walanguzi wakakamatwa, na mali zao zikatwaliwa. Mwaka uliofuata, bajeti ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa nchini bila kuulizwa walizipataje. Leo mwalimu wa uchumi hutamka soko huria na biashara huria kama majina ya kawaida. Mtu aliyenunua kunakopatikana akauza kunakokosekana hakubadilika. Lililobadilika ni jina lake.

Visiwani tunao mfano ulio karibu zaidi. Gunia la karafuu likivuka usiku kutoka Pemba kufuata bei bora ya pwani ya Kenya, sheria huliita magendo. Darasani, mwanafunzi hufundishwa hoja ya David Ricardo ya mwaka 1817: Uingereza ishone nguo, Ureno itengeneze mvinyo, wabadilishane, na kila mmoja afaidike. Akiuliza kwa nini mvinyo wa Ureno ni biashara na karafuu ya babake ni magendo, tumjibu nini? Dola nayo ina hoja yake, kwani pato la karafuu limejenga mengi ya umma. Lakini hoja hiyo ijadiliwe waziwazi, isifichwe ndani ya jina.

Neno huria nalo ni la ukoo mmoja na huru, sifa iliyomtenga muungwana na mtumwa. Katika kisiwa ambacho soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873, mfasiri hana budi kujiuliza: aliye huru hapa ni mtu, au ni bidhaa?

Sisemi istilahi zisibadilike. Lugha isiyobadilika hufa. Nasema kwamba kulifuta jina la zamani bila kulieleza ni kumdhulumu aliyeadhibiwa kwalo. Mwalimu na afundishe majina yote mawili, la jana na la leo, pamoja na miaka yake, na aeleze ni nani aliyeyatoa. Hapo mwanafunzi atajua kwamba jina la biashara ni hukumu, na kila hukumu ina hakimu wake.