Mkulima wa Mizabibu na Usiku wa Baridi

Usiku ule wa mwisho, Bwana wetu Yezu Kristu alipokaa pamoja na mitume wake, alijifananisha na mzabibu, nao akawafananisha na matawi. Tena Baba yake wa mbinguni akamwita mkulima (Yoane, sura ya 15). Mitume waliufahamu mfano huo mara moja, maana mizabibu ilijaa katika vilima vya nchi yao. Lakini Wakristu wengi wa Kongo huijua divai kwa habari za Misa takatifu tu. Mti wenyewe hawajauona, wala hawajui jasho la mtu anayeulima. Kwa hiyo yafaa kueleza kazi ya mwaka mzima katika shamba la mizabibu, na jinsi baridi na mvua na jua zinavyomjaribu mwenye shamba, ili neno la Bwana lifahamike vizuri zaidi.

Katika nchi ya Ufaransa, upande wa Bourgogne, uko mji mdogo uitwao Chablis, kando ya mto Serein. Vilima vyake ni vya udongo wa chokaa, na ndani ya mawe yake huonekana maganda ya chaza wadogo, alama ya bahari iliyokuwapo zamani za kale. Wamonaki wa abasia ya Pontigny, iliyoanzishwa mwaka 1114, walilima mizabibu huko. Hata leo jamaa nyingi huishi kwa kazi ile ile: babu alimwachia mwana, naye mwana atamwachia mjukuu. Mzabibu ukipandwa, hupita miaka mitatu hivi kabla ya kuleta mavuno yafaayo. Kisha waweza kuzaa kwa miaka makumi. Basi apandaye mzabibu hajipandii nafsi yake peke yake.

1. Mkasi wa mkulima

Mavuno yakiisha, majani huanguka, na mzabibu huonekana kama mti uliokufa. Hapo ndipo kazi kubwa inapoanza. Tangu Desemba hata Machi, katika baridi kali, baba na mama na watoto waliokua hupita mti kwa mti, mkasi mkononi. Hukata karibu matawi yote yaliyoota mwaka uliopita; huacha machache tu, yenye macho ya kuhesabika. Mgeni akiwaona angesema: Watu hawa wanaharibu mali yao. Sivyo. Mzabibu usiopogolewa hutawanya nguvu zake katika matawi na majani, na zabibu zake huwa ndogo, zenye ukali mdomoni. Mwenye kuukata hauchukii mti wake. Ameinama mbele yake, anautazama, anautafakari, kisha ndipo anapokata.

Katikati ya kazi hiyo, tarehe 22 Januari, huja sikukuu ya Mtakatifu Vincent, shemasi wa Hispania, aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 304. Wakulima wa Bourgogne humheshimu kama msimamizi wao. Huichukua sanamu yake kwa maandamano, huhudhuria Misa, hula pamoja. Kesho yake hurudi shambani penye baridi ile ile.

Mwezi wa Machi, joto likianza kurudi, maji ya mti hupanda kutoka mizizini, na penye majeraha ya mkasi hutoka matone. Wakulima husema kwamba mzabibu unalia. Wala hawahuzuniki kwa machozi hayo, maana ni alama ya uhai: mti mkavu haulii.

Kadhalika na roho ya mtu. Amri za Mungu humkata Mkristu ulevi, hasira, tamaa ya mali ya mwenzake, na maneno ya kusengenya. Kukatwa huko kwauma. Mtu anayejinyima pombe aliyoizoea hulia moyoni, na mtu anayekwenda kumwomba radhi adui yake huona haya kubwa. Asiogope: machozi hayo ni ya tawi lililo hai. Aogope yule ambaye dhambi haimwumizi tena hata kidogo.

2. Usiku wa baridi

Mwezi wa Aprili macho ya mzabibu hufumbuka, na vichipukizi vya kijani hutokea, laini kama ngozi ya mtoto mchanga. Ndipo huja hatari kubwa kuliko zote za mwaka. Mchana jua huwaka, watu hufurahi. Lakini usiku mbingu zikiwa wazi, bila wingu wala upepo, baridi hushuka chini ya sifuri, umande huganda, na kazi ya mwaka mzima yaweza kufa katika saa chache kabla ya mapambazuko.

Usiku kama huo jamaa yote haikai kitandani. Huwasha mishumaa mikubwa iliyowekwa katika ndoo, mamia kwa hektari moja, nayo vilima hung'aa kama mji wenye sikukuu. Lakini si sikukuu. Wengine huwasha majani makavu yaliyoloweshwa, ili moshi uwe pazia jua likichomoza, lisivichome vichipukizi vilivyoganda. Wengine hunyunyizia maji juu ya mizabibu. Jambo hili hustaajabisha: maji hayo huganda, na kila kichipukizi hufungwa ndani ya barafu, lakini maji yanapoganda hutoa joto kidogo, nalo hutosha kukilinda kichipukizi kisife, maadamu maji hayakomi kunyunyiziwa mpaka jua limepanda. Mkulima akichoka akayafunga maji kabla ya wakati, hupoteza yote.

Mfano huo ufikiriwe vizuri. Barafu iliyo nje humtisha mtazamaji, lakini ndani yake uhai umehifadhiwa. Vivyo hivyo mama mjane asalipo kila jioni pamoja na watoto wake, huku nyumba ikiwa na njaa, watu husema kwamba sala yake haikumsaidia neno. Hawaoni kinacholindwa ndani. Mkristu asikome kusali usiku wa manane ati kwa sababu baridi haijaondoka. Akome siku jua litakapopanda, yaani asikome kamwe hapa duniani.

3. Nani amelaaniwa?

Lakini mishumaa na maji havishindi sikuzote. Mwaka 2021, baada ya siku za joto za mwezi wa Machi, baridi kali iliyashika mashamba karibu ya Ufaransa yote katika wiki ya kwanza ya Aprili. Mahali pengine ilishuka digrii tano chini ya sifuri na zaidi, usiku kwa usiku. Watu waliolima miaka yao yote walitembea asubuhi katikati ya vichipukizi vilivyokuwa vyeusi kama vilivyopitiwa na moto. Mavuno ya divai ya nchi nzima mwaka huo yalipungua karibu sehemu moja katika tano kuliko mwaka uliotangulia. Na jamaa nyingi zilipoteza zaidi ya hapo, wengine karibu yote.

Hapo huja swali ambalo kila mkulima duniani hulijua, awe wa mizabibu, awe wa kahawa, awe wa muhogo na mahindi: Kwa nini mimi? Nani amenifanyia hivi? Na vijijini, mara nyingi, swali hilo halikai swali. Hugeuka jina la mtu. Mahindi ya huyu yamekauka, ya jirani yamestawi. Basi jirani ni mlozi. Mzee mmoja hutazamwa kwa jicho baya, kisha hutukanwa, kisha hufukuzwa, au huuawa. Kumbe mvua ilikosekana tu.

Wakristu wasikilize jambo linalojulikana na kila mkulima wa Chablis. Hewa ya baridi ni nzito. Usiku hutiririka kama maji, hushuka mlimani na kutuama bondeni. Kwa hiyo jamaa moja yaweza kuwa na mashamba mawili, moja kwenye mteremko, moja bondeni. Mikono iliyoyapogoa ni ile ile. Sala zilizosaliwa ni zile zile. Asubuhi, shamba la mlimani li kijani, na la bondeni limeungua. Je, Mungu ameibariki jamaa ile na kuilaani katika usiku mmoja? Je, mlozi alipita bondeni akasahau kupanda mlimani? Hapana. Baridi ilifuata njia yake, kama Muumba alivyoiwekea hewa kanuni yake.

Yezu mwenyewe alifundisha kwamba Baba huwaangazia jua lake na kuwanyeshea mvua yake wema na wabaya pia (Mateo, sura ya 5). Walipomwuliza kwa sababu ya dhambi ya nani mtu amezaliwa kipofu, alikataa kumtia hatiani kipofu yule na wazazi wake vilevile (Yoane, sura ya 9). Basi Mkristu anayemtafuta mlozi kila mazao yanapoharibika, hamkosei jirani yake tu. Anamkana mwalimu wake. Afadhali aulize kama mkulima mwenye akili: Udongo umechoka? Mbegu zilikuwa nzuri? Mfereji ulizibuliwa? Nani mwenzangu amepatwa kama mimi, ili tusaidiane?

Wala Mungu hakufichi kufahamika kwa kazi zake. Katika mji wa Beaune, kusini ya Chablis, tarehe za mavuno ya zabibu zimeandikwa tangu mwaka 1354. Wataalamu waliozikusanya na kuzitangaza mwaka 2019 waliona kwamba mpaka mwaka 1987 mavuno yalianza, kwa wastani, tarehe 28 Septemba. Tangu mwaka 1988 huanza mapema zaidi kwa siku 13 hivi. Dunia imezidi joto, na kwa sehemu kubwa ni kwa matendo ya wanadamu. Mizabibu, ikidanganywa na joto, hufumbua macho yake mapema, na baridi ya Aprili huikuta uchi. Hiyo nayo ni dhambi ya kutubiwa, lakini si dhambi ya mzee wa nyumba ya pili.

4. Jicho la pili

Asubuhi ya hasara, mkulima hufanya nini? Hulia, kisha hurudi shambani. Maana katika kila jicho la mzabibu Muumba ametia machipukizi mengine madogo, yaliyolala. La kwanza likifa, la pili laweza kuamka. Halizai kama la kwanza. Mara nyingine halizai kitu mwaka ule. Lakini huleta majani, majani hulisha shina, na mwaka ujao mkulima atapata tawi la kupogoa. Akiliacha shamba kwa uchungu, atakosa mavuno ya mwaka huu na ya mwaka ujao pia.

Babu za wakulima hao waliona makubwa kuliko baridi. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo kutoka Marekani, aitwaye filoksera, aliingia Ufaransa akala mizizi, na nchi nzima ilikaribia kubaki bila mizabibu. Dawa iliyopatikana ilikuwa kupandikiza tawi la Ufaransa juu ya shina la mzabibu wa Marekani, ambao mizizi yake humvumilia mdudu huyo. Mpaka leo karibu mizabibu yote ya Ufaransa husimama juu ya mizizi ya kigeni. Tawi lenyewe lisingeweza kuishi. Lishikapo shina lenye nguvu, huzaa matunda yake lenyewe. Hivyo ndivyo alivyo Mbatizwa ndani ya Kristu: hapotezi jina lake wala lugha yake wala kabila lake, lakini mizizi inayombeba si yake.

5. Mavuno na mshahara

Mwezi wa Juni mzabibu huchanua. Siku 100 hivi baadaye mavuno hukaribia. Katikati yake kuna kunyunyizia mrututu na chokaa ili kuzuia ukungu wa majani, kuna kufunga matawi kwenye waya, kuna kuogopa mvua ya mawe. Ndipo huja Septemba. Siku hizi mashine huchuma sehemu kubwa ya zabibu za Chablis, lakini penye miteremko mikali, na kwa wanaotaka hivyo, watu huchuma kwa mikono, wameinama tangu asubuhi hata jioni.

Bwana Yezu alipotaka kusema juu ya ufalme wa mbinguni, alimtaja mwenye shamba la mizabibu aliyetoka mara tano kwa siku kutafuta wafanyakazi, na jioni akawalipa wote, hata wa saa ya mwisho (Mateo, sura ya 20). Alilipa jioni ile ile. Mkristu mwenye shamba au duka, anayemwambia kibarua "njoo kesho, njoo keshokutwa", ajipime kwa mfano huo kabla ya kuikaribia Komunyo.

Tena mjini Beaune iko hospitali iliyoanzishwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin na mkewe Guigone de Salins kwa ajili ya maskini. Watu wengi waliipa mashamba ya mizabibu, na tangu mwaka 1859 divai yake huuzwa kwa mnada kwa faida ya kazi hiyo. Waliotoa mashamba hayo walikufa zamani; mizabibu ingali inawatibu wagonjwa.

Basi, ndugu wapenzi, padri anapoinua kalisi altareni, divai ile kidogo imepita mkasi wa Januari, machozi ya Machi, hofu ya Aprili na mgongo ulioinama wa Septemba. Kristu hakuchagua kitu kisicho na taabu kiwe Damu yake. Kila mmoja alete mwaka wake pia, na mavuno yake, na hasara yake. Na ikiwa yuko jirani aliyeitwa mlozi kwa ajili ya shamba lililokauka, aende kwanza nyumbani kwake, ampe mkono, ndipo aje altareni. Amina.