Adhabu ya Mtesa Wanyama

Husimuliwa katika Uingereza kwamba Richard Martin, mjumbe wa Galway katika Bunge, alimshtaki mchuuzi aitwaye Bill Burns kwa kumpiga punda wake kupita kiasi. Na ili mahakimu wasiwe na shaka, alimwingiza punda mwenyewe mahakamani wayaone majeraha yake. Mchuuzi akatozwa faini. Watu walicheka sana, kisa kikaimbwa na kuchorwa picha, na kwa wengi habari ikaishia hapo. Sheria iliyotumika ilikuwa changa, ya mwaka 1822, nayo ilipita kwa juhudi ya Martin huyo huyo. Ilimlinda farasi, nyumbu, punda, ng'ombe na kondoo. Mbwa na paka haikuwataja. Faini yake haikupungua shilingi 10 wala kuzidi pauni 5, na aliyeshindwa kulipa alifungwa kwa muda usiozidi miezi 3.

Kicheko kile chastahili kufikiriwa. Aliyeibiwa hupiga yowe. Aliyepigwa hutoa ushahidi. Hata maiti ana jamaa wa kumdai. Mnyama ni mdhulumiwa asiyeweza kufungua mashtaka, na aghalabu mtu ambaye angetazamiwa kumsemea, yaani bwana wake, ndiye mshtakiwa. Kwa hiyo sheria ya Martin ingalikuwa maandishi matupu lau wasingalitokea watu wa kujitwisha uwakili wa viumbe wasiowatuma. Mwaka 1824 watu kadha walikutana katika mkahawa mmoja wa London wakaunda chama cha kuzuia ukatili juu ya wanyama. Miongoni mwao walikuwamo William Wilberforce na Thomas Fowell Buxton, ambao majina yao yajulikana zaidi katika vita vya kukomesha biashara ya watumwa. Chama kiliweka wakaguzi, kikawapeleka wakosaji mahakamani. Fedha zikapungua, na mwaka 1826 katibu wake wa kwanza, kasisi Arthur Broome, akatiwa gerezani kwa madeni ya chama. Uwakili wa bubu haukuwa kazi ya faida.

Tangu siku hizo wateteao wanyama wameshika mambo mawili: kufuata kila hukumu na kuiandika, na kudai adhabu iwe nzito zaidi. Walio nje ya kazi hiyo huuliza kwa nini mtu mwema awe na shauku ya kuona wenziwe wakifungwa. Ni swali la haki, na jibu lake huanza katika vitabu vya sheria vyenyewe. Katika Uingereza, kwa sheria ya wizi ya 1968 kama ilivyorekebishwa baadaye, mwizi wa mbwa aliweza kufungwa hata miaka 7. Kwa sheria ya ustawi wa wanyama ya 2006, aliyempiga mbwa yule yule mpaka akafa hakuweza kufungwa zaidi ya miezi 6. Na kama alikiri kosa mapema, alipunguziwa theluthi moja, ikabaki miezi 4. Hasara ya mwenye mbwa ilipimwa kwa miaka, mauti ya mbwa kwa miezi. Mwaka 2016 mbwa wa polisi aitwaye Finn alichomwa kisu huko Stevenage pamoja na askari aliyemwongoza. Mkosaji alihukumiwa kwa kumjeruhi askari. Ama kwa mbwa, hatia ilikuwa ya kuharibu mali, kana kwamba kisu kimepasua kiti cha gari. Raia walinung'unika, na mwaka 2019 ikatungwa sheria ya kuwalinda wanyama wa kazi za namna hiyo. Kisha, kuanzia tarehe 29 Juni 2021, kikomo cha kifungo kwa ukatili katika Uingereza na Wales kikapandishwa kutoka miezi 6 hata miaka 5.

Basi wanaodai nyongeza ya adhabu hawakuwa wakidai kisasi tu. Walidai kima kibadilishwe, kwa kuwa adhabu ndiyo lugha ambayo dola hutumia kusema jambo fulani ni baya kiasi gani.

Lakini baya kwa nani? Hapa watetezi wenyewe hupotoka mara nyingi. Mwaka 1751 mchoraji William Hogarth alitoa picha nne za maisha ya Tom Nero: katika ya kwanza ni kijana amtesaye mbwa, katika ya pili ni mtu mzima ampigaye farasi, katika ya tatu amemwua mwanamke, na katika ya nne maiti yake mwenyewe yapasuliwa na matabibu. Immanuel Kant naye alifundisha kwamba mtu hana wajibu wa moja kwa moja kwa mnyama, ila ukatili kwake hufifisha huruma ipasayo kati ya watu. Hoja hii hupendwa mbele ya wabunge, kwa maana hata asiyejali mbwa huwajali watoto wake. Walakini ina upungufu mkubwa. Kama kosa la Tom Nero kwa mbwa ni kwamba alikuwa akijizoeza kuua watu, basi mtu mzee, mpole kwa jirani zake, atesaye paka chumbani kwa siri wala asimdhuru binadamu milele, hana kosa lo lote. Hakuna mwenye akili timamu atakayekubali. Jeremy Bentham aliikaribia kweli zaidi mwaka 1789 alipoliacha swali la kama mnyama hufikiri au husema, akauliza kama huumia. Na msomaji wa pwani hahitaji kwenda mbali: katika hadithi mashuhuri ya Mtume, mwanamke aliyemfunga paka mpaka akafa njaa aliingia motoni kwa ajili ya paka huyo. Haikuelezwa kwamba alikuwa hatari kwa jirani zake. Paka alitosha.

Ikiwa ni hivyo, kuhesabu hukumu ni sehemu ya haki yenyewe. Katika Marekani, FBI ilianza kukusanya habari za ukatili juu ya wanyama kama kosa la pekee mwaka 2016. Kabla ya hapo makosa hayo yalitupwa katika kapu la makosa mengineyo, pamoja na takataka nyingi za sheria. Huwezi kumwambia hakimu kwamba adhabu zake ni hafifu iwapo hakuna ajuaye ametoa ngapi. Tena kikomo cha sheria ni dari tu. Adhabu zenyewe hukaa chini, sakafuni, na ni daftari la hukumu tu lionyeshalo umbali uliopo kati ya dari na sakafu.

Daftari hilo hilo huonyesha jambo jingine, chungu kwa watetezi: ni nani akamatwaye. Mwaka 1835 Uingereza ilipiga marufuku kuwachokoza mafahali kwa mbwa na kupiganisha majogoo, michezo iliyopendwa na watu wa chini. Kuwinda mbweha kwa kundi la mbwa, mchezo wa makabaila, kulingoja sheria ya 2004. Bill Burns alikuwa mtu ambaye punda wake ni mkate wake. Watu wa namna yake wapo Lamu hata leo, wapitishao mawe na mchanga kwa punda katika vichochoro visivyopitika kwa gari. Na huko zahanati ya punda iliyofunguliwa na Waingereza mwaka 1987 hutibu bila malipo, na yamefanywa mashindano ya kuwatuza wenye punda waliotunzwa vizuri. Miaka 5 ya kifungo ni stahili ya afanyaye mateso kuwa starehe yake. Kumpa anayemtwisha punda kupita nguvu zake kwa sababu ya kodi ya nyumba ni kupima kwa mizani ile ile iliyoharibika, ila upande wa pili.

Wengine wamekwenda mbali zaidi. Wilaya ya Suffolk katika New York ilianzisha mwaka 2010 orodha ya waliohukumiwa kwa ukatili, na jimbo la Tennessee likafuata mwaka 2016 kwa orodha iliyo wazi kwa kila mtu, yenye picha za wakosaji. Hapa ndipo pa kusita. Kumzuia mkatili asipate mnyama mwingine ni haki ya mnyama huyo. Kuitundika sura yake mbele ya kila mpita njia hakumwongezei mnyama usalama mwingi, bali humpa mpita njia raha ya kudharau. Sheria ya Uingereza ya 2006 ina njia ya kadiri zaidi: mahakama yaweza kumkataza aliyehukumiwa asifuge wanyama. Jambo lisilotazamwa ipasavyo ni nani atakayebisha hodi kwake baada ya mwaka mmoja, kuona kama uani hamna mbwa.